Gasketi ya manifoldi: Mlio wa asubuhi usiopaswa kupuuzwa Kericho na Bomet

SAA kumi na mbili asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai ya Konoin, Bureti na Belgut, injini nyingi huwashwa karibu kwa wakati mmoja. Ni pikapu na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yakijiandaa kupeleka wachumaji shambani, maziwa kwenye mtambo wa kupozea na, baadaye mchana, majani mabichi kwenye kituo cha kununulia.

Ukisimama karibu na baadhi ya magari hayo utasikia mlio mwembamba, ‘tik, tik, tik’, unaokwenda sambamba na kasi ya injini. Dakika chache baadaye, injini ikishapata moto, mlio hutoweka. Dereva huamini kwamba hitilafu imekwisha, akatia gia na kuondoka.

Hitilafu haijaisha. Mara nyingi mlio huo ni wa moshi wa moto unaopenya kando ya gasketi ya manifoldi, na kutoweka kwake ndiyo dalili yenyewe: chuma kimetanuka kwa joto na kuuziba mwanya kwa muda. Kesho yake asubuhi mwanya utakuwepo tena, na huenda ukawa mpana zaidi.

Manifoldi ni bomba lenye matawi lililofungwa ubavuni mwa kichwa cha silinda, ambacho mafundi wetu hukiita silinda hedi. Ziko za aina mbili. Moja huingiza hewa katika kila silinda. Katika injini ya petroli yenye kabureta, hewa hiyo huwa imekwisha kuchanganyika na mafuta. Nyingine hupokea moshi unaotoka katika silinda na kuukusanya hadi kwenye bomba moja la ekzosi.

Gasketi ni kipande chembamba kilichobanwa kati ya manifoldi na silinda hedi ili pasibaki mwanya. Ya upande wa moshi hutengenezwa kwa matabaka ya chuma chembamba au kwa mchanganyiko wa chuma na madini yanayostahimili joto. Ya upande wa hewa huweza kuwa ya karatasi ngumu, mpira au plastiki, kwa kuwa upande huo hauna moto mkali.

Tahadhari ya mapema kwa mwenye gari: gasketi hii si ile ya silinda hedi. Ile ya silinda hedi ikiungua, maji huweza kuingia katika oili, rejeta ikachemka na kazi ya kuitengeneza ikawa kubwa na ghali. Ya manifoldi hubadilishwa bila kuifungua silinda hedi. Anayeambiwa kwamba ‘gasketi imeungua’ ana haki ya kuuliza ni gasketi ipi kabla ya kukubali gharama.

Katika baadhi ya magari ya zamani, kama vile Land Rover za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25 na Land Cruiser za petroli za FJ40, manifoldi zote mbili zimefungwa upande mmoja wa injini na hutumia gasketi moja. Hiyo ikiharibika, injini huweza kuvuta hewa isiyotakikana na kuvujisha moshi kwa wakati uleule, na dalili zikachanganyika hata fundi mzoefu akahangaika na kabureta siku nzima.

Kwa nini basi gasketi ya moshi huharibika? Wengi hudhani kazi yake ni kama ya kizibo cha chupa: kadiri unavyokikaza ndivyo kinavyoziba. Dhana hiyo imevunja bolti nyingi.

Manifoldi ya moshi kwa kawaida ni ya chuma cha kusubu. Chukua manifoldi yenye urefu wa sentimita 60, kama ya injini ya silinda sita. Ikiwa baridi alfajiri, kisha ikapata joto la ziada la nyuzi 500 za Selsiasi gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, hurefuka kwa takriban milimita 3. Silinda hedi iliyo jirani yake hupozwa na maji, haipiti sana nyuzi 100, na kwa hiyo haifikishi hata milimita 1.

Vyuma viwili vilivyofungwa pamoja, kimoja kinarefuka milimita 3 na kingine chini ya 1. Tofauti hiyo haina budi kupata nafasi. Ndiyo maana matundu ya manifoldi hutobolewa yakiwa mapana kidogo kuliko bolti zinazopita ndani yake, na ndiyo maana gasketi huwekwa pale: manifoldi iteleze juu yake kidogo kila injini ipatapo moto, na irudi mahali pake injini ipoapo, bila kuachia moshi.

Bolti zikilegea, gasketi hupigwa na moshi na kuungua. Zikikazwa kupita kiasi, manifoldi hushindwa kuteleza, hupinda, na zile bolti zisizo na kichwa ambazo mafundi huziita stadi hukatika. Za miishoni ndizo hukatika kwanza, kwa kuwa huko ndiko mwendo wa chuma unakokusanyika. Land Rover zenye injini ya Td5, yenye silinda tano, zinajulikana katika nchi nyingi kwa kasoro hii hasa: manifoldi hupinda na stadi za mwishoni zikakatika.

Sasa tuirudishe injini hiyo katika nchi ya chai.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Kanieneo yake ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu, na dereva hulazimika kukanyaga mafuta zaidi na kukaa katika gia ndogo kwa muda mrefu. Joto la moshi hupanda.

Kisha kuna milima yenyewe. Barabara za mashambani huteremka hadi mito kama Kipsonoi, Itare na Chemosit na kupanda tena ghafla upande wa pili. Gari lililokuwa limesimama kituoni likinguruma huku majani yakipimwa, mara linatakiwa kupanda mteremko wa murram uliolowa, magurudumu yote manne yakifanya kazi. Manifoldi hupata joto na kupoa mara nyingi kwa siku, na kila mara gasketi husuguliwa.

Baya zaidi ni maji. Mvua katika eneo hili hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, wakati ambapo magari yamebeba majani. Chuma cha kusubu kilicho moto sana kikimwagiwa maji baridi ghafla huweza kupasuka. Dereva anayeingia kwenye kijito au dimbwi kwa kasi, maji yakaruka hadi ndani ya boneti, anaihatarisha manifoldi ambayo bei yake ni mara nyingi ya ile ya gasketi. Ni heri kusimama dakika tano injini ipoe kidogo, kisha kuvuka polepole.

Mkulima hupoteza zaidi ya kipuri. Majani mabichi hayasubiri. Yakikaa ndani ya magunia kwa saa nyingi hupata joto, hubadilika rangi na kuwa mekundu, na huweza kukataliwa. Gari lililopoteza nguvu katikati ya mlima kwa sababu moshi unaotakiwa kuzungusha tabo unavujia kando ya gasketi huweza kumgharimu mwenyewe kazi ya siku nzima ya wachumaji wake.

Hata hivyo, hasara ya mali si jambo la kuogofya kuliko yote.

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha hadi kwenye ubongo na moyo. Injini za petroli hutoa gesi hii kwa wingi kuliko za dizeli, lakini hakuna moshi wa injini unaofaa kuvutwa ndani ya gari.

Moshi unaotoka mwisho wa ekzosi huachwa nyuma ya gari. Ule unaovuja kwenye manifoldi hutokea ndani ya boneti, hatua moja tu kutoka kwa miguu ya dereva. Katika magari makuukuu, ukuta unaotenga injini na abiria huwa na matundu ya waya na kebo ambayo mipira yake imekauka na kudondoka. Feni ya kupasha joto nayo huweza kuvuta hewa kutoka jirani ya injini.

Pwani, dereva huendesha vioo vikiwa wazi, na upepo humwokoa bila yeye kujua. Kericho na Bomet kuna baridi na mvua. Vioo hufungwa, feni ya joto ikawashwa. Aidha, hewa ya nyanda za juu tayari ina oksijeni pungufu kuliko ya pwani.

Fikiria safari ya usiku ya kumpeleka mama mjamzito hospitalini Tenwek, Longisa au Kapkatet. Watu saba wamebanana ndani ya Land Rover, vioo vimefungwa, mvua inanyesha. Kichwa kinaanza kuuma, mtu anahisi kichefuchefu, mwingine anasinzia. Wote watadhani ni uchovu, au malaria. Gesi hii huvuka kutoka damu ya mama hadi ya mtoto aliye tumboni, na humdhuru mtoto hata pale mama anapoonekana kuwa na dalili nyepesi.

Kwa hiyo, iwapo abiria kadhaa wanaumwa na kichwa kwa pamoja ndani ya gari na kupata nafuu wakishuka, dereva asitafute dawa ya kichwa. Asimamishe gari, azime injini, afungue milango na kuwatoa watu nje. Aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali kwa gari jingine, na daktari aelezwe kwamba huenda mgonjwa amevuta moshi wa injini.

Upande wa hewa una madhara yake pia, ingawa hayana mlio wala harufu.

Katika injini ya petroli yenye kabureta, gasketi ya hewa ikiachia, injini huvuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Mchanganyiko hupungukiwa mafuta. Injini hutetemeka ikiwa imesimama, huzima kwenye makutano ya barabara, na ikikimbia kwa muda mrefu hupata joto kupita kiasi na kuweza kuunguza vali.

Hapa mwinuko wa Kericho huwahadaa watu. Kabureta isiyorekebishwa, ikipandishwa nyanda za juu, hutoa mafuta mengi kuliko yanayohitajiwa na hewa nyepesi ya huko. Mwanya mdogo wa gasketi huongeza hewa, na gari likaonekana kwenda vizuri. Siku mwenyewe anapoteremka kupitia Kapsoit na Awasi hadi Ahero na Kisumu, ambako mwinuko ni mita 1,100 hivi, hewa huwa nzito zaidi, mafuta yakawa haba, na injini ikaanza kuchemka na kukatakata. Lawama huangukia petroli ya Kisumu.

Injini ya dizeli haiathiriki hivyo, bali huumizwa na vumbi. Hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifoldi haikupita kwenye chujio. Kati ya Desemba na Machi, murram ikikauka, hewa hiyo hubeba vumbi jekundu linalosugua silinda na pete za pistoni kama msasa. Mwenye gari hununua chujio jipya kila mara na bado injini inakula oili, asijue kwamba kuna mlango wa nyuma ulioachwa wazi.

Magari mapya zaidi ya petroli, mengi yakiwa yaliyotumika Japan, yana kitambuzi cha oksijeni kwenye bomba la moshi. Manifoldi ikivuja kabla ya kitambuzi hicho, hewa ya nje huingia, kitambuzi kikadanganyika, na kompyuta ya gari ikaongeza mafuta yasiyohitajika. Taa ya injini huwaka na safari za kituo cha petroli huongezeka. Ikumbukwe kwamba Kenya huruhusu kuagizwa kwa magari yenye umri wa hadi miaka minane. Gasketi za gari ‘jipya’ huenda zimeshafanya kazi miaka saba kabla ya kufika Mombasa.

Namna ya kuchunguza haihitaji vifaa vya bei. Wakati bora ni asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa nje na wala si ndani ya banda. Fungua boneti kwanza utazame: mistari myeusi ya masizi kwenye maungio ya manifoldi na silinda hedi huonyesha mahali moshi unapotokea. Hesabu nati zote. Iliyokosekana mwishoni si ajabu kuikuta imekatika pamoja na stadi yake.

Kisha washa injini. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja, uweke ncha moja karibu na sikio na nyingine uipitishe polepole kando ya maungio, mbali na feni na mikanda. Mlio wa ‘tik’ utasikika wazi pale penye mwanya. Mtu mwingine akiziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, mkono ukiwa na glavu, moshi hulazimika kutafuta njia na mlio huongezeka.

Kwa upande wa hewa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa bado baridi na ikinguruma polepole. Mlio wa injini ukibadilika kwa nukta moja, maji yameziba mwanya. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Ni hatari isiyo na maana. Cheche moja ya plagi inatosha kuliteketeza gari na mchunguzaji wake.

Gasketi ikithibitika kuwa mbovu, kinachofuata ni uvumilivu. Stadi zilizokaa kwenye joto na unyevu kwa miaka kumi huwa zimeungana na nati zake. Zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu jioni, tena usiku kabla ya kulala, na zifunguliwe asubuhi. Nati inayokataa isilazimishwe kwa bomba refu juu ya spana. Izungushwe mbele kidogo na nyuma kidogo hadi iachie. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kuitoboa na kuitoa ni kazi ya karakana yenye mashine, na huchukua muda mrefu kuliko kazi yote iliyobaki.

Usiitupe gasketi kuukuu kabla ya kuisoma. Sehemu iliyoungua na kuwa nyeusi huonyesha silinda iliyokuwa ikivuja. Ikiwa ni mwishoni tu, huenda manifoldi imepinda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na utazame mwanga unaopita chini yake. Ukizidi kipimo kilichotajwa katika kitabu cha gari, manifoldi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Gasketi mpya juu ya chuma kilichopinda haimalizi mwezi.

Gasketi za magari ya miaka ya 1970 na 1980 huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, na zisipulizwe kwa hewa wala kupigwa msasa zikiwa kavu.

Kuna mazoea ya kukata gasketi kutoka karatasi ya boksi, au kupaka silikoni nyekundu mahali pake. Karatasi nzuri ya kukatia gasketi huweza kufaa upande wa hewa. Upande wa moshi ni kupoteza muda: silikoni ya kawaida huanza kuungua katika joto ambalo moshi wa injini yenye mzigo hulipita mbali, na vipande vyake vikinyofoka huweza kuingia kwenye tabo.

Nyuso zote mbili zisafishwe, stadi na nati zilizokwisha zibadilishwe, kisha kukaza kuanzie katikati kuelekea miishoni, kwa awamu tatu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa Land Rover za lita 2.25, zile bolti zinazounganisha manifoldi mbili zilegezwe kwanza, manifoldi zilale sawa juu ya silinda hedi, ndipo zikazwe. Fundi anayeruka hatua hii huzifunga zikiwa zimepishana, na gasketi mpya ikaanza kuvuja jioni ileile.

Baada ya hapo gari liendeshwe hadi lipate moto, liachwe lipoe kabisa, na nati zikaguliwe tena iwapo kitabu kinaagiza hivyo. Matundu ya ukuta wa injini yazibwe kwa mipira mipya siku hiyohiyo, maana boneti tayari iko wazi. Na mwenye gari aamke mapema kesho yake, awashe injini mwenyewe kabla ya wachumaji kufika, asikilize dakika mbili za kwanza.